Mrejesho: Kihispania changu baada ya miezi mitatu

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Mikindani. Miezi mitatu iliyopita niliwauliza: nimekariri maneno mengi ya Kihispania, mbona mtu akizungumza siambulii kitu? Mlinishauri niache kukariri neno mojamoja, nisikilize sauti fupi kila siku na kuirudia kwa mdomo.

Nimefanya hivyo. Kila alfajiri, kabla sijaenda kwenye mikorosho, nasikiliza dakika mbili zilezile mara tano, ya mwisho nikifuata maandishi. Irabu ni tano kama zetu, hazikunisumbua. Kilichoniziba masikio ni maneno kuungana: está aquí husikika "estakí".

Aliyenieleza ser na estar, vitenzi viwili vya Kihispania vya "kuwa", kwa Kiswahili, Mungu ambariki. Soy agricultor, mimi ni mkulima. Estoy en Mtwara, niko Mtwara. Ni na niko! Ila estoy cansado ni "nimechoka", hapo ulinganisho unakatika, nimekariri tu. Jinsia za nomino (ya kike na ya kiume) nazichukulia kama ngeli: la mesa blanca, meza nyeupe, kivumishi kinapatana na nomino yake. (Meza yenyewe tuliipata kwa Wareno, kwa hiyo mesa haikunipa shida.) Lakini la mano (mkono), ya kike ingawa inaishia na -o, na el problema (tatizo), ya kiume ingawa inaishia na -a, bado zinanitega.

Jana nimesikiliza mazungumzo ya sokoni, nikashika bei zote bila maandishi. Nilifurahi sana jamani.

Sasa nimekwama kwenye wakati uliopita, hablé (nilizungumza) na hablaba (nilikuwa nikizungumza). Mwenye njia nzuri ya kuzitofautisha, naomba anielekeze.