Bonasi ya Desemba: mshahara wa msingi ni upi?

Hesabu_Makupa:
Salaam aleikum. Ni yadi ya kontena, Changamwe. Mkataba wasema kila Desemba mfanyakazi atapata "bonasi sawa na mshahara wa msingi wa mwezi mmoja", basi, hakuna maelezo zaidi. Hati ya mshahara ina msingi 32,000, nyumba 4,800, usafiri 3,000, posho ya zamu 2,000, na ovataimu ya kupanda na kushuka. Wafanyakazi wadai jumla yote, mwajiri ataka msingi peke yake. Tena msingi ulikuwa 30,000 hadi Juni, na wako walioanza Aprili. Sheria yasemaje?

Bi_Mishahara_Tudor:
Waalaikum salaam. Kenya hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri wa kampuni binafsi kulipa bonasi. Kinachombana ni mkataba, au mkataba wa pamoja kama kuna chama cha wafanyakazi. Zile kanuni za "mwezi wa 13", yaani mshahara wa ziada wa mwisho wa mwaka, zinazosambazwa WhatsApp nyingi ni za Ufilipino: huko agizo namba 851 la 1975 ndilo linalolazimisha, mshahara wote wa msingi wa mwaka unagawanywa kwa 12 na kulipwa kabla ya Krismasi. Usizilete Changamwe.

Kwa maneno uliyonukuu, usafiri, zamu na ovataimu haviingii. Nyumba pia haiingii, maadamu imeandikwa mstari wake.

Nyongeza ya Julai ndiyo italeta ugomvi. "Mshahara wa mwezi mmoja" bila kutaja mwezi, kwa kawaida husomwa kuwa ule wa mwezi wa malipo, yaani 32,000. Ukichukua wastani (30,000 × 6 + 32,000 × 6, gawa kwa 12) unapata 31,000. Wastani ni halali ikiwa mkataba umesema hivyo. Hauwezi kubuniwa Desemba. Walioanza Aprili vivyo hivyo: 9/12 ya 32,000 ni 24,000, lakini kipengele cha kukata kwa miezi lazima kiwe kimeandikwa.

Shopstewadi_Shimanzi:
Bi Mishahara amesema kweli, ila kwanza tazama mkataba wa kila mtu, si hati ya mshahara peke yake. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamtaka mwajiri atoe nyumba au pesa za kodi juu ya mshahara, isipokuwa pale mkataba, au mkataba wa pamoja, unapojumuisha kodi ndani ya mshahara wa msingi. Aliyeandikiwa mshahara wa kujumuisha, msingi wake ni 36,800, na bonasi ni hiyo hiyo. Mhasibu hawezi kuitenga nyumba mstari wake kwenye kompyuta kisha aseme msingi umeshuka.

Huo ndio mchezo wa kuangalia karibu na Desemba: msingi unapunguzwa, "marupurupu" yanaongezwa, jumla inabaki vile vile. Kifungu cha 10(5) chataka mabadiliko yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi na ajulishwe kwa maandishi. Na hasara haiishii kwenye bonasi. Ovataimu ya mwenye mshahara wa mwezi huanzia msingi gawa kwa 225: kwa 32,000 ni shilingi 142.22 kwa saa, mara moja na nusu ni 213.33. Msingi ukishushwa hadi 24,000, saa hiyo hiyo inalipwa 160.

Hesabu_Makupa:
Shukran. Mikataba yote ina nyumba mstari wake, basi ni 32,000. Na kodi?

Bi_Mishahara_Tudor:
Bonasi ni mapato, inaingia kwenye PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, ya mwezi inaolipwa. Mtu wa jumla 41,800 tayari amevuka 32,333, kiwango ambacho juu yake kodi ni asilimia 30, hata baada ya makato, kwa hiyo bonasi yote inaangukia asilimia 30, karibu 9,600. Waambie mapema, maana wakiona 22,400 badala ya 32,000 watakuja ofisini wakisema umekula. Iandike mstari wake, "bonasi", usiichanganye na msingi wa Desemba. Ukichanganya, mwakani kuna atakayeleta hati hiyo kama ushahidi kwamba msingi wake ni 64,000.