Rais aliyechokwa kiasi hiki anaweza kumaliza muhula kweli? Ushauri wa haraka wakuu

Baba Kopwe (mleta mada)
Wakuu habari za saa hizi. Niende kwenye mada maana usingizi wenyewe sina. Niko Marekani. Rais wa hapa jina silitaji, nawajua, uzi utageuka ulingo wa masumbwi kabla sijajibiwa. Ninachotaka kujua ni hiki: rais akishachokwa hivi, kura za maoni zinamshusha kila wiki, hadi watu wa chama chake wameanza kununa, anaweza kweli kumaliza muhula? Mimi naona hafiki Desemba. Rais Nixon aliondoka akiwa na asilimia 24, na huyu naona njia ni ile ile.
Na mjue sisi hapa nyumbani tulimpigia kura, kwa hiyo sina chuki naye. Ni uchungu wa mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Wenye historia nipeni mifano ya walioondoka mapema. Walioondoka, sio waliobaki.

Sina Haraka
Siti ya mbele nimewahi.

Mwalimu Kifutio
Umeomba walioondoka, orodha ni fupi: Nixon. Basi. Tangu Washington aape mwaka 1789, rais aliyejiuzulu ni huyo mmoja tu, 9 Agosti 1974. Wengine waliotoka kabla ya muda walitolewa na kifo.
Sasa wachukiwa wenyewe. Truman alishuka kuliko Nixon: Februari 1952 Gallup, wale wapima maoni, walikuta Wamarekani 22 tu katika kila 100 wanaridhika na kazi yake. Vita ya Korea imekwama, na mwaka mmoja nyuma kamfukuza kazi kamanda wake huko, Jenerali MacArthur, nchi ikampokea jenerali kama mfalme. Truman akafanya nini? Akakaa Ikulu hadi 20 Januari 1953, akamkabidhi Eisenhower, akapanda treni kurudi kwao Missouri. Bush mdogo alifika 90 baada ya Septemba 11, 2001, akaporomoka hadi 25 mwaka 2008. Alimaliza. Carter aligusa 28 mwaka 1979, akamaliza, akaja kupigwa na Reagan kwenye sanduku la kura. Asilimia haina mlango wa kumtolea mtu Ikulu.

Baba Kopwe
Mwalimu asante, ila Truman ni mambo ya kale. Nixon alizoa majimbo 49 mwaka 1972 na miaka miwili haikuisha akawa nje. Siasa hubadilika ghafla. Nani alijua?

Bi Mkubwa wa Mtandaoni
Mwanangu, kumwombea mtu anguko hakuna baraka. Kiongozi huombewa hekima. Nakumbuka tulikuwa na bosi mmoja ofisini, alikuwa anafungia hata karatasi za kuchapia kwenye kabati, funguo shingoni. Tulimwombea afukuzwe, wengine walifunga kabisa. Siku barua yake ilipokuja tukanunua keki. Kumbe amepandishwa cheo, anakuwa bosi wa kanda nzima, na ofisi yake mpya ni ghorofa ya juu yetu. Keki akaila yeye, akashukuru kwa upendo tuliomwonyesha.

Sina Haraka
Mama hiyo keki imeniuma kama niliichangia mimi.

Mwalimu Kifutio
Baba Kopwe, Nixon hakuangushwa na kuchukiwa. Kilichomwangusha ni kanda. Mtu kajirekodi mwenyewe ofisini kwake. Mahakama ya Juu ya nchi ikasema kwa kura 8 kwa 0 azitoe, ndani yake ikakutwa ile ya 23 Juni 1972 ambapo anasikika akipanga kuwatumia majasusi wa CIA kuwazuia wapelelezi wa FBI wasichunguze Watergate, ule uvamizi wa ofisi za chama pinzani. Ilipowekwa hadharani tarehe 5 Agosti, hata waliokuwa wanamtetea wakaishiwa maneno. Siku mbili baadaye wakaja Ikulu wazee watatu wa chama chake mwenyewe, Goldwater, Scott na Rhodes, wakamwambia kura za kumwokoa Seneti hazitoshi. Kesho yake usiku akatangaza anaondoka. Wa kwako ana kanda?

Baba Kopwe
Kanda sijasikia. Lakini kuna mambo mengi chini ya kapeti.

Kinyozi Mstaafu
Samahani wakuu, mimi sio mtu wa historia, nina swali dogo. Mleta mada, kwa nini Desemba? Muhula wa rais wa Marekani huisha 20 Januari, na uchaguzi wao ni Novemba. Anayeumwa na nchi yake hasemi Desemba. Desemba ni mwezi wa mtu mwenye mkopo, au mwenye mkeka. Wewe ni yupi?

Baba Kopwe
Nimetoa tu makadirio mkuu.

Kinyozi Mstaafu
Kiasi gani?

Baba Kopwe
Kiasi gani nini?

Kinyozi Mstaafu
Nimenyoa watu wazima maisha yangu yote. Kiasi gani?

Baba Kopwe
Sawa. Kuna tovuti wanabeti mambo ya siasa. Unanunua tiketi za "ndiyo" au "hapana", ikitokea kila tiketi inalipwa dola moja. Swali lenyewe: rais ataondoka madarakani kabla mwaka huu haujaisha? Nilinunua za ndiyo kwa senti 18, jumla dola 3,400. Ikitiki ni elfu kumi na nane na ushee. Sasa hivi zimeshuka senti 7. Ndiyo maana nauliza kama anamaliza au hamalizi, maana kwa bei hii naweza kuongeza.
Na sitaki maneno yasambae, karatasi zangu za uraia ziko mezani kwao, nasubiri kuitwa kuapa. Sitaki jina langu lihusishwe na chochote.

Dada Salha
Kuongeza!! Tiketi zako sasa zina thamani ya kama dola 1,300 na unawaza kuongeza. Halafu jibu hili kwanza: hiyo elfu tatu na mia nne ni ya nani?

Baba Kopwe
Dada, umuhimu wake nini? Pesa ni pesa.

Dada Salha
Ya kwako ungeshasema ni ya kwako.

Sina Haraka
Nahamia siti ya mbele zaidi, kama ipo.

Baba Kopwe
Ni ya chama chetu cha kufa na kuzikana. Waswahili wa mji huu tunachanga kila mwezi, mmoja wetu akifariki mwili unasafirishwa nyumbani. Mimi ni mweka hazina. Msinihukumu haraka, sijaiba, nimeizungusha. Pesa ilikuwa imelala benki haizai hata senti. Faida ningeirudisha yote chamani na ningejichukulia kidogo tu ya usumbufu. Kuna kama elfu mbili bado zipo, sijazigusa.

Ngariba wa Kejeli
Kwa hiyo unasubiri rais afe kisiasa ili mpate pesa ya kuzika watu waliokufa kweli.

Bi Mkubwa wa Mtandaoni
Astaghfirullah. Pesa ya maiti!

Mwalimu Kifutio
Ngoja, kabla hamjamzika huyu, nimalize hesabu aliyokuja nayo. Rais wa Marekani hatoki kwa kuzomewa. Baraza la Wawakilishi linamshtaki kwa kura za kawaida, halafu Seneti inamhukumu, na huko zinahitajika theluthi mbili, yaani maseneta 67 wakiwepo wote 100. Walioshtakiwa hadi kufika Seneti ni Andrew Johnson 1868, Clinton, na Trump mara mbili. Hakuna aliyeng'olewa. Johnson alipona kwa kura moja. Trump kesi ya pili, 2021, kura za hatia zilikuwa 57, bado hazikutosha. Nixon mwenyewe alikimbia kabla Baraza zima halijapiga kura.
Na Clinton aliposhtakiwa Desemba 1998, umaarufu wake ulipanda hadi 73. Watu waliona anaonewa. Unaweza kubeti anashtakiwa, ukapatia, na bado ukala hasara kwa sababu yupo pale pale.

Baba Kopwe
Lakini si anaweza kujiuzulu mwenyewe kwa aibu?

Mwalimu Kifutio
Kwa aibu? Johnson mwingine, Lyndon wa Texas, alichokwa kwa vita ya Vietnam, Machi 1968 akaenda kwenye televisheni akasema hagombei tena. Hata huyo aliendelea kukaa hadi Januari 1969. Hiyo ndiyo aibu ya juu kabisa utakayoipata.

Nyundo ya Bati
Wakuu mnasumbuka bure, hii ni chai. Someni posti ya kwanza: "sisi hapa nyumbani tulimpigia kura." Shukeni chini: anasubiri kuapa uraia. Asiye raia hapigi kura ya urais Marekani, ni kosa la jinai na linaweza kumrudisha mtu kwao. Kwa hiyo ama mleta mada amejichoma mwenyewe hadharani, ama yuko kitandani kwao anachati kwa bando la usiku. Chama, tiketi, senti 18, zote tangawizi.

Ngariba wa Kejeli
Hahaha nyundo imepiga msumari. Na mimi nilishaanza kuchanga mawazo ya rambirambi.

Sina Haraka
Nirudishieni hisia zangu.

Dada Salha
Hata kama ni chai, wapo wanaosoma humu wenye pesa za watu kwenye simu. Acheni iendelee.

Nyundo ya Bati
Dada, ushauri kwa mtu hewa ni ushauri hewa.

Baba Kopwe
Nilisema "sisi hapa nyumbani", sikusema mimi. Mke wangu ni raia, yeye ndiye aliyepiga. Sina haja ya kumdanganya mtu humu, ningekuwa natunga ningejitungia nimeshinda.

Nyundo ya Bati
Sawa, tuchukulie ni kweli. Mkeo anajua habari ya pesa?

Kinyozi Mstaafu
Amekaa kimya. Hapo pana jambo.

Baba Kopwe
Mke wangu ndiye katibu wa chama.

Ngariba wa Kejeli
Naomba kiti, nimeanguka.

Baba Kopwe
Nilitaka kumshtukiza na faida. Kila akiangalia taarifa ya habari anasema "huyu mtu hatoboi", nikajua tuko pamoja. Hata hivyo nimewasikia. Nimeshauza nusu kwa senti 7. Hiyo nusu nyingine naiacha, wiki ijayo kuna kikao kikubwa bungeni, huenda bei ikaruka, nikauza hapo. Si lazima aondoke kweli, inatosha watu waamini anaondoka.

Mwalimu Kifutio
Kwa hiyo sasa hubeti tena rais aanguke, unabeti wajinga wenzako wapatikane.

Dada Salha
Mweleze mkeo leo. Elfu mbili iliyobaki hamisha saini, iwe haitoki bila watu wawili. Hizo tiketi toa zote, pengo anza kulijaza na mshahara wako. Kikao chenu cha chama ni lini?

Baba Kopwe
Ilikuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Jana mwenyekiti kakisogeza hadi keshokutwa. Kuna mwenzetu amelazwa, hali yake sio nzuri, wanataka kujua tuna kiasi gani.

Nyundo ya Bati
Tangawizi inazidi kukolea.

Kinyozi Mstaafu
Nyundo nyamaza kidogo. Mleta mada, funga huu uzi, fungua hiyo tovuti, uza zote kwa bei yoyote utakayoikuta. Halafu kamwamshe katibu.