Usuluhishi wa baraza la kata kwenye migogoro ya ardhi: uendelee kuwa lazima?

Mizani: Wakuu, hapa Tanzania kabla ya 2021 baraza la kata lilikuwa likiamua mashauri ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Sheria ya marekebisho Na. 5 ya mwaka huo ikaling'oa meno, likabaki la kusuluhisha tu. Wakati huohuo sheria ikasema Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lisisikilize shauri la umiliki mpaka kata ithibitishe kuwa upatanisho umeshindikana. Mimi nasema sharti hilo lifutwe. Mvamizi anaitwa mara tatu, haji, na tofali zinaendelea kupanda.

Bikoni: Kifungu cha 13(4) cha sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi, chenye sharti hilo, hukukimaliza, mkuu. Zikipita siku 30 tangu malalamiko yafunguliwe bila suluhu, unakwenda wilayani bila cheti cha kata cha kushindikana kwa upatanisho. Watu wanazungushwa miezi minne wakisubiri karatasi ambayo sheria haiwadai tena. Kinachowakwamisha ni kushindwa kuthibitisha tarehe: wamelalamika kwa mdomo, katibu hakuandika popote. Andika malalamiko nakala mbili, yeye abaki na moja, yako igongwe muhuri wenye tarehe. Nakala hiyo ndiyo utakayoambatanisha wilayani.

Mizani: Sawa, ila siku 30 zinatosha kumwaga jamvi (sakafu ya zege) na kufika kwenye renta (mkanda wa zege juu ya madirisha). Zuio la muda la kusimamisha ujenzi nitaliombaje wilayani wakati shauri lenyewe halijapokelewa?

Bikoni: Hapo nakuunga mkono. Ningeacha sharti, ila maombi ya zuio yapokelewe siku ya kwanza, usuluhishi ukiendelea kata.

Kwetu Kwenye Mwembe: Mnabishana juu ya siku, na suluhu zenyewe mbona hamzigusi? Nyingi zinavunjika kwa sababu zimeandikwa vibaya. "Wamekubaliana mpaka uishie kwenye mwembe." Mwembe ukikatwa? Wajumbe waende shambani, wavute tepu kutoka kwenye kitu kisichohama (kona ya msingi wa nyumba, kalavati la barabara), waandike mita, wachore ramani hata ya mkono, wataje majirani wa pande zote nne, na majirani hao wasaini. Robo tatu ya ugomvi unaorudi ungekufia hapo. Hiyo robo tatu ni makadirio yangu tu, msininukuu.

La pili ni nani anasaini. Mwenye shamba amefariki, mtoto mkubwa anakuja kata anakubali kumega ekari. Kama mahakama haijamteua kuwa msimamizi wa mirathi, amemega kisicho chake. Wadogo zake watarudi, na watakuwa na haki. Baraza liulize barua ya usimamizi kabla ya kuuliza kingine chochote. Kama ni ardhi ya familia, mke au mume awepo pia.

Mizani: Unanisaidia hoja. Wajumbe wasiojua hayo kwa nini wawe mlango wa lazima?

Kwetu Kwenye Mwembe: Kwa sababu mbadala wake ni nauli ya kwenda wilayani kila tarehe inapoahirishwa, pamoja na wakili. Kata wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu, kwa hiyo mjane na mwenye maduka wanaongea kwa midomo yao wenyewe. Nikiondoa mlango huo, nani anaumia kwanza?

Karani Mstaafu: Niongeze ya karatasi. Kikao cha usuluhishi ni wajumbe watatu, angalau mmoja mwanamke. Cheti kisichotaja waliokaa, au chenye sahihi ya katibu peke yake, kinampa mpinzani pingamizi la bure. Barua ya mwenyekiti wa mtaa haisimami badala ya cheti, wala ya baraza la ardhi la kijiji, ingawa nalo linasuluhisha. Jingine ni mabaraza ambayo bado yanaandika "tumeamua shamba ni la mlalamikaji". Hiyo ni hukumu, na uwezo huo hayana. Upatanisho ukishindikana yaandike hivyo tu, bila kusema nani ana haki.

Mizani: Na wakikubaliana, kisha mmoja akageuka wiki ya pili?

Karani Mstaafu: Unafungua shauri wilayani, mkataba ule ukiwa kielelezo. Ndipo mita za Mwembe zitakapoonyesha kazi yake.

Mizani: Basi nabadilisha kidogo: sharti libaki, ila mlalamikiwa asipofika wito wa pili, cheti kitoke siku hiyohiyo.

Bikoni: Na wito ule awe ameupokea kwa sahihi. Vinginevyo mtu atapata cheti dhidi ya jirani ambaye hakuambiwa lolote.