Je, ni vibaya kufurahia muda wa mapumziko kabla kazi mpya haijaanza?

Swali: Ndugu zangu, mkataba wangu wa kazi umekwisha na ule mpya bado haujaanza, kwa hiyo kwa sasa muda wangu ni wangu mwenyewe. Asubuhi huketi dirishani na kitabu, chai ikiwa bado inatoa mvuke, lakini kabla sijamaliza ukurasa moyo huanza kunisuta kwamba wenzangu wako kazini. Ninyi hufanyaje?

Jibu: Ndugu, hatia ina maana pale unapomdhulumu mtu. Ikiwa wanaokutegemea hawajapungukiwa na kitu, sioni uliyemkosea. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba tunashughulika ili tupate wasaa. Inasikitisha kwamba sisi tunauombea radhi wasaa huohuo.

Jibu: Naunga mkono. Mwaka 1971 wanasaikolojia Philip Brickman na Donald Campbell walieleza jinsi binadamu anavyoyazoea mema mapya hadi furaha yake irudi ilipokuwa, na kwa maoni yangu ndiyo sababu inafaa kuipa raha ndogo umakini wote, simu ikiwa chumba kingine, badala ya kuirefusha kutwa nzima.

Jibu: Mimi natofautiana kidogo na waliotangulia, kwa kuwa mara nyingi kinachoitwa hatia ni hofu ya fedha. Andika matumizi yako hadi siku ya kuanza kazi, uyalinganishe na akiba uliyo nayo. Akiba ikitosha, soma kitabu chako kwa amani, na isipotosha, utajua la kupunguza.