Tuchague lugha gani ya sheda: GLSL, HLSL, Slang, WGSL, au tuandike yetu?

Fundi_Pikseli
Wakuu, habari za jioni. Tuna injini yetu ndogo ya gemu tuliyoiandika kwa C++, na sasa tunaisuka upya upande wa uchoraji. Tumekwama kwenye lugha ya sheda, yaani zile programu ndogo zinazoendeshwa na GPU (chipu ya michoro) kuchora picha. Tunazozipima ni GLSL, HLSL, Slang na WGSL. Kuna kijana kwenye timu anataka tubuni lugha yetu na kompaila yake, anasema miezi miwili inamtosha. Jumatatu tunatakiwa tuwe tumeamua. Waliopita njia hii, ipi bora? Nawasilisha.

mzee_wa_draiva
Bora kwa kifaa gani? Simu, kompyuta, kivinjari? Mnaongea na GPU kupitia nini: Vulkan, Metal, DirectX? Sheda mlizonazo ni ngapi na zimeandikwa kwa lugha gani? Mleta mada hujagusa hata kimoja. Hapa utaambiwa kila mtu anachokipenda, basi.

Bint_Vekta
Ninachokipenda mimi ni Slang, sifichi. Ilianzia kwenye utafiti wa watu wa Carnegie Mellon na Nvidia, makala yake ikatoka kwenye mkutano wa michoro ya kompyuta, SIGGRAPH 2018, na tangu Novemba 2024 iko chini ya Khronos, walewale wa Vulkan. Kwa hiyo ile hofu ya kufungwa na kampuni moja imepungua. Unaandika mara moja, inakutolea SPIR-V (msimbo wa kati unaopokelewa na Vulkan), HLSL, Metal, WGSL, hata CUDA ya Nvidia. Na kwa kuwa iko karibu sana na HLSL, sheda nyingi za zamani zinaingia bila kuumiza kichwa.

Lakini kilichonihamisha hasa ni moduli na jenerikia, yaani msimbo mmoja unaotumika kwa aina nyingi. Sote tunalijua lile faili la mwanga lililojaa #ifdef, swichi za kuingiza au kutoa vipande vya msimbo kabla ya kukompaili: vivuli vipo au havipo, ukungu upo au haupo. Swichi 10 za namna hiyo ni michanganyiko 1,024, na mtu hajui ni upi umevunjika mpaka mchezaji aukanyage. Kwenye Slang unaeleza mara moja taa inatakiwa ijibu nini, kila aina ya taa inatimiza masharti hayo, na kompaila inakagua kabla hujaleta taa yoyote halisi. Kosa linaonyeshwa pale ulipoliandika.

mzee_wa_draiva
Michanganyiko haijapotea, dada. Ukitaka kasi, jenerikia nazo zinazalisha nakala kwa kila aina, maana GPU haipendi kuamua fanksheni ipi iitwe katikati ya kazi. Umeutoa mzigo kwenye #ifdef ukampa kompaila.

Bint_Vekta
Na kompaila aliajiriwa kwa kazi gani, mzee?

Kisauni_Dev
Ngoja niwape kisa, mtanivumilia urefu. Tulipokea mradi wa kuonyesha bahari kwenye simu, msimbo wa awali umeandikwa na watu wengine kwa GLSL ES, ile GLSL ya simu. Juu kabisa ya sheda ya pikseli kuna mstari ule maarufu, `precision mediump float;`. Kwenye laptopu mawimbi yanateleza kama siagi. Kwenye simu ya mteja, sekunde za mwanzo safi. Baada ya dakika moja mawimbi yanaanza kurukaruka. Dakika ya tano bahari inaenda kwa vishindo, kama mtu anayefunua picha moja moja.

Tukalaumu joto la simu. Tukalaumu betri. Mmoja akasema draiva, mwingine akapunguza poligoni hadi bahari ikawa bwawa. Hakuna kilichobadilika, na kipimo cha fremu kilikuwa kinasoma 60 muda wote! Hapo ndipo kichwa kilipouma.

Chanzo ni kwamba muda ulikuwa unaingia kwenye sheda kama sekunde zinazoongezeka tu, na mediump kwenye simu ile ni namba ya biti 16. Namba hiyo ina tarakimu 11 za maana kwa mfumo wa jozi. Kati ya sekunde 64 na 128, hatua ndogo inayoweza kuiandika ni 1/16 ya sekunde. Fremu moja ni 1/60, kwa hiyo wimbi linasimama fremu tatu au nne halafu linaruka. Sekunde 256 zikipita hatua inakuwa robo sekunde. Ukipita 1,024, sekunde nzima. Kwenye laptopu huoni kitu kwa sababu GPU za kompyuta nyingi hulipuuza neno hilo na kupiga hesabu kwa biti 32.

Yaani lugha imekupa neno ambalo kifaa kimoja kinalitii na kingine kinalipuuza, na vyote viko ndani ya sheria. Ndiyo maana nimehamia WGSL, lugha ya sheda ya WebGPU kwenye kivinjari. Pale f32 ni biti 32, basi. Ukitaka biti 16 unaandika `enable f16;` mwanzoni mwa faili, na kifaa kisichoweza kinakataa mchana kweupe.

MseeWaNai
Pole kwa hiyo stori buda, lakini dawa ilikuwa kuandika highp (usahihi wa juu) kwenye muda na kuurudisha sifuri kila mzunguko. Huhami nyumba kwa sababu ya kitasa.

HLSL iko tangu DirectX 9, mwaka 2002. Mifano mingi utakayoikuta imeandikwa kwayo, Unity na Unreal wote wako huko. Kompaila yake mpya, DXC, imejengwa juu ya misingi ya kompaila ya Clang na LLVM, ni chanzo huria tangu 2017, na inatoa SPIR-V. Microsoft wenyewe walitangaza Septemba 2024 kwamba kuanzia Shader Model 7, toleo la kanuni zao za sheda, wanaihamia SPIR-V. Sasa mnatafuta nini kwingine?

Kisauni_Dev
HLSL ile ambayo float4x3 ni safumlalo 4 na safuwima 3, ukienda GLSL mat4x3 ni safuwima 4 na safumlalo 3?

MseeWaNai
HLSL ndiyo inafuata hesabu za shuleni. Waulize wa GLSL.

Bint_Vekta
Na fmod, baki la mgawanyo? Ya HLSL inakata kuelekea sifuri, mod ya GLSL inashuka chini. Peleka ramani yenye namba hasi uone vigae vinavyogeuka.

Fundi_Pikseli
Nimesoma yote, ahsanteni. Tunalenga Android kwanza, simu za kawaida, na baadhi zinaishia OpenGL ES 3.0. Windows baadaye. Mteja mmoja anaulizia kivinjari. Sheda tulizonazo ni kama sitini, zote GLSL. Tuko watatu.

mzee_wa_draiva
Haya ndiyo tulikuwa tunayadai. OpenGL ES inapokea maandishi ya GLSL, na anayeyakompaili ni draiva iliyomo ndani ya simu ya mchezaji. Hata ukiandika kwa Slang au HLSL, kwa simu hizo utapita SPIR-V, kisha zana ya SPIRV-Cross ikurudishie GLSL ES. GLSL ambayo Slang inaitoa moja kwa moja imelengwa Vulkan. Sheda sitini za GLSL si za kutupa kwa ajili ya mitindo.

Na kuhusu lugha yenu: kuchambua sintaksi ni kazi ya wiki chache. Baada ya hapo kuna ujumbe wa makosa, kihariri, na RenderDoc, zana ya kukagua fremu, itakayowaonyesha msimbo ambao hakuna aliyeuandika.

kijana_mwenyewe
Shikamoo wakubwa. Kijana anayesemwa ni mimi. Sijasema nitatoa msimbo wa GPU. Godot wana lugha yao inayofuata GLSL ES 3.0, na wao wanaigeuza kuwa GLSL tu. Nataka kitu kama hicho: sheda ya vateksi (pembe za umbo) na ya pikseli faili moja, na kompaila inizalishie muundo wa C++ unaolingana. Kwa std140, mpangilio wa data upande wa sheda, kila float ndani ya safu inakula baiti 16, na tukipanga kwa mkono upande wa C++ zinapishana. Kosa hilo linaturudia kila toleo.

Bint_Vekta
Marahaba mdogo wangu. Hiyo Slang inakupa tayari: uliza API yake, inakutajia kila kitu kimekaa baiti ya ngapi. SPIRV-Cross pia. Andika kijiprogramu cha kusoma hayo na kuzalisha muundo, umemaliza.

Kisauni_Dev
Kabla ya lugha, nunueni simu tatu za bei ya chini zenye GPU tofauti: Mali, Adreno, PowerVR. Za mtumba zinatosha.

Fundi_Pikseli
Tunayo yenye Mali moja tu. Hizo nyingine Kariakoo zinapatikana? Muuzaji ukimuuliza GPU anakutajia megapikseli za kamera.

Kisauni_Dev
Usimuulize muuzaji, tafuta jina la chipu mtandaoni kabla hujatoka nyumbani. Kwa Mali, Arm wana Mali Offline Compiler, inapokea GLSL ES na SPIR-V na inakukadiria mizunguko ya GPU bila hata kugusa simu.

mzee_wa_draiva
Inakadiria. Kukwama-kwama kwa mara ya kwanza sheda inapokompailiwa haitakuonyesha. Fundi, mnahifadhi sheda zilizokwisha kukompailiwa kwenye diski, au kila gemu ikiwashwa mnaanza upya?

MseeWaNai
Bado hakuna aliyenijibu nani kati ya HLSL na GLSL anafuata hesabu za shuleni.