Naombeni ushauri: baraza na pagola kwenye nyumba ya zamani, mtaa wa urithi, karibu na bahari

Mkaa Ufukweni:
Wakuu, habari zenu. Tumeachiwa nyumba na babu kwenye mtaa wa zamani unaolindwa kama urithi. Kutoka mlangoni hadi majini ni hatua mia mbili hivi. Kuta ni za mawe na chokaa, nene kwelikweli. Nyuma nataka pagola, yaani nguzo na mihimili mitupu, mmea utambae juu. Mbele nataka baraza lenye paa. Fundi niliyemwita anasema atatoboa ukuta, afunge boriti kwa bolti, siku nne kazi imekwisha. Mke wangu kagoma, anasema tuulize kwanza. Mnaonaje?

Seremala Mstaafu:
Msikilize shemeji. Ukuta wa chokaa si zege, mkuu. Bolti ya kutanuka ukiikaza mle inapasua jiwe au inalegea na udongo wake. Halafu paa la baraza ni kama mwavuli, upepo ukiingia kwa chini unalinyanyua. Kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Mzigo huo ndio unataka kuutwika ukuta wa babu?

Simamisha baraza kwa miguu yake lenyewe: nguzo mbele, nguzo nyuma, na upenyo mdogo kati yake na ukuta. Msingi uwe mzito, maana hapo kazi yake kubwa ni kulishika paa lisiruke. Ila mashimo ya nguzo za nyuma yakae mbali na msingi wa zamani, usije ukauchimbua. Siku mjukuu akilichoka, analifungua na ukuta haujaguswa.

Kijana wa Mtaa:
Mambo ya mbao ya nini? Chuma, rangi, mchezo umekwisha.

Bi Nanga:
Utaisha kweli, kwa kutu 😂 Mwanangu, mimi nimezeeka hapa pwani. Chumvi haiangalii rangi, inaingia palipokwaruzika. Na watu hudhani sehemu ya chuma inayonyeshewa ndiyo inayoshika kutu mapema, kumbe mara nyingi ni ile iliyojificha chini ya paa, kwa sababu mvua haifiki kuiosha. Isuuze kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kila baada ya wiki chache.

Kwenye skrubu na bolti usibane pesa. Stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, ziko za aina aina: 304 karibu na bahari hutoka madoa ya rangi ya chai, 316 ina madini ya molibdenamu kidogo ndani yake na huvumilia zaidi. Ukichagua aluminiamu, weka washa (vile visahani vyenye tundu) za plastiki kati yake na bolti za stenlesi, la sivyo aluminiamu italika taratibu pale zinapogusana.

Mpimaji Mchoro:
Mmeruka swali la kwanza. Kibali cha mamlaka ya urithi kipo? Mimi nilijenga kwanza nikaomba baadaye, nikaambiwa nibomoe, na hela ya fundi hairudi. Nenda na picha za nyumba ilivyo sasa, mchoro wenye vipimo na orodha ya vifaa. Ya nyuma isiyoonekana barabarani mara nyingi haina vita. Ya mbele ndiyo watakayoibishania, hasa ikifunika madirisha au mlango wa asili.

Na usichonge nakshi za kughushi ukidhani watafurahi. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 wa kuhifadhi majengo ya kale, ambao wahifadhi wengi huufuata, unataka nyongeza itambulike kuwa ni ya zama zake na isiharibu mwonekano wa jengo. Baraza jepesi, la kawaida, linapita kirahisi kuliko lenye madoido.

Mkaa Ufukweni:
Ahsanteni sana, fundi nimemsimamisha. Kibali sina, nilidhani baraza si ujenzi. Swali moja: nguzo za msaji nizizike ndani ya zege?

Seremala Mstaafu:
Hapana! Zege linashika maji kama kikombe na mguu unaozea humo humo. Tumia kiatu cha chuma kilichochovywa kwenye zinki, mguu uinuke sentimita tano au zaidi juu ya sakafu. Na fundi huyo akikuambia atapiga lipu ya saruji pale alipokwisha kutoboa, mkatalie. Ukuta ule unapumua, yaani unyevu hutokea humo, ukiuziba chumvi inasukuma lipu kutoka ndani. Ziba kwa chokaa.

Mkaa Ufukweni:
Matundu mawili alishatoboa jana 😞 Kesho natafuta chokaa.