Naomba ushauri: moyo una amani ila akili inanisumbua, nifuate kipi?

Binti Sayuni (mleta mada): Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kwa mnaoijua imani ya Kikristo maana nimekwama na hapa mtaani sina wa kumuuliza. Kuna jambo nimeliombea, kwenye mkesha nikalia sana, mwili wote ukawa mwepesi, nikapata amani ambayo hata kuieleza siwezi. Tangu hapo moyo unaniambia limeisha, ila nikizima taa akili inaanza maswali. Sasa Mkristo anafuata moyo au akili? Wa kejeli mpite tu.

Kipara wa Tabata: Akili hata kwenye daladala unaambiwa uwe nayo, itakuwa kanisani?

Mlutheri Halisi: Marko 12:30, umpende Bwana kwa moyo wote, roho yote, AKILI zote na nguvu zote. Sisi kipaimara tulisoma miaka miwili, unaulizwa maswali mbele ya usharika mzima jasho linakutoka, siku hizi mtu akitetemeka kidogo tu keshaokoka.

Mjukuu wa Uamsho: @Mlutheri usibeze machozi. Bibi yangu Bukoba alikuwa wa Tukutendereza, ule uamsho wa walokole wa Afrika Mashariki, siku aliyookoka alilia mpaka sauti ikakauka, kesho yake akabeba kichwani kahawa aliyokuwa ameiiba kwa jirani, akairudisha na kuungama mbele ya watu. Akili peke yake isingemfikisha mlango wa yule jirani.

Nesi Mstaafu: Mleta mada, jambo lenyewe ni lipi? Hujasema.

Binti Sayuni: Ni la kifamilia tu.

Nesi Mstaafu: La kifamilia lipi mama? Ndoa, hela, ugonjwa? Majibu hayafanani.

Binti Sayuni: Haya. Mwanangu ana kifafa. Baada ya ule mkesha niliacha kumpa dawa na mpaka sasa hajaanguka. Msianze kunishambulia, Mathayo 17 mtoto mwenye kifafa aliponywa na Yesu hakumwandikia vidonge. Nikimpa tena si ndio nitakuwa nimekana muujiza wangu?

Kipara wa Tabata: Aisee. Naomba radhi dada kwa utani wa juu.

Mlutheri Halisi: Nilijua tu, haya makanisa ya mahema serikali ingeyafunga yote, hamkuona Shakahola kule Kenya 2023, waumini walivyofungishwa mpaka wakafa?

Mjukuu wa Uamsho: Dada nisikilize, nami ni wa kulia kwenye maombi. Uamsho wetu ulivyowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, uliwaka kwenye hospitali ya misheni, na Joe Church aliyekuwa mstari wa mbele alikuwa daktari. Watu walilia, wakaungama, na dawa zikaendelea kutolewa. Hata John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, moyo wake ulipata joto la ajabu London tarehe 24 Mei 1738, halafu mwaka 1746 akafungua mahali pa kuwapa maskini dawa bure. Hakuona kama anamkana Mungu.

Sinadili: Hii chai, stori ya kutunga. ID mpya, swali la kifalsafa, akibanwa ndio anatokea mtoto mgonjwa. Mods futeni.

Kipara wa Tabata: Hata mimi naanza kunusa majani ya chai.

Binti Sayuni: Natamani ingekuwa chai. Kopo la vidonge liko juu ya kabati, nimelifunika na kitambaa cha kochi maana nikiliona tu mapigo ya moyo yananiruka. Baba yake yuko machimboni, hajui.

Nesi Mstaafu: Chai au si chai najibu, kuna mama mwingine anasoma kimya. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla degedege linaweza kurudi kwa nguvu na kufululiza, na hilo linaua. Kutoanguka kwa muda si kipimo, daktari ndiye anayeamua dawa ipunguzwe lini. Na hiyo habari ya Mathayo kaisome tena Marko 9, yule baba alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu". Alisema shaka yake mbele ya Yesu na mtoto akapona. Amani inayokutaka umfiche baba mtoto ijaribu kwanza, 1 Wathesalonike 5:21.

Binti Sayuni: Sasa nianze na nusu au kizima?

Nesi Mstaafu: Usikisie. Kesho asubuhi mpeleke kliniki na kopo lake, waambie lini uliacha. Akianguka usiku huu mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, ikizidi dakika 5 mkimbize hospitali.

Binti Sayuni: Nitaenda. Ila maombi ya Ijumaa siachi.

Nesi Mstaafu: Nani kakwambia uache? Mpigie baba yake leo.